Mwandishi Aliyevua Bila Njaa

Kosa la mwalimu ni jambo gumu kulifuta. Ubao hupanguswa kwa kitambaa, lakini lile lililokwisha kuingia vichwani mwa wanafunzi huenda nao makwao likazeeka pamoja nao. Mimi ninalo kosa moja la namna hiyo ambalo limenikera kwa miaka mingi, na leo ningependa kulitengeneza mbele ya wasomaji wa ukurasa huu, hususan walimu wenzangu wanaosomesha Fasihi na vijana wanaoisoma.

Mwaka wa 1987 nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya upili kusini mwa Mombasa. Miongoni mwa vitabu nilivyowasomesha vijana wangu ni riwaya fupi ya Mmarekani Ernest Hemingway iitwayo The Old Man and the Sea. Wengi wenu mnaijua. Mvuvi mzee wa Cuba, Santiago, anakaa siku 84 bila kupata samaki. Siku ya 85 anakwenda mbali baharini peke yake, anamnasa nduwaro mwenye urefu wa futi 18, mkubwa kuliko hata mashua yake, wanavutana kwa siku kadhaa, mzee anashinda, kisha papa wanakuja na kumla samaki yule mpaka ukabaki uti wa mgongo. Nikawaeleza wanafunzi, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba mwandishi ameweza kusimulia hivyo kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mvuvi kama Santiago.

Kijana mmoja aliyeketi nyuma, mtoto wa mvuvi kutoka pande za Shimoni, aliinua mkono. Alitaka kujua kama mwandishi huyo alikuwa akiwala samaki aliowavua au akiwauza. Nilimjibu kwamba bila shaka alifanya yote mawili, nikaendelea na somo. Kijana akanyamaza. Sikuuelewa unyamavu wake siku ile. Yeye alikuwa amekua akiwaona wageni wa mahoteli wakirudi jioni na nduwaro, wakamtundika kwa mkia, wakapigwa picha kando yake, kisha wakaenda zao kuoga. Alijua kwamba kuna uvuvi wa aina mbili, na alikuwa ananiuliza huyu wetu ni wa upande upi.

Basi jibu nililopaswa kumpa ni hili.

Hemingway alizaliwa tarehe 21 Julai 1899 katika mji wa Oak Park, karibu na Chicago, mbali kabisa na bahari yoyote. Baba yake alikuwa daktari, na kila msimu wa joto aliichukua jamaa yake kwenda likizo kando ya ziwa moja huko Michigan. Hapo ndipo mtoto alipofundishwa kutia chambo kwenye ndoana. Tangu mwanzo, basi, kuvua kwake kulikuwa jambo la likizo. Hakuna aliyelala na njaa katika nyumba ile kwa sababu samaki hawakula chambo. Mwaka wa 1918 alijeruhiwa vibaya nchini Italia alipokuwa akihudumu na Msalaba Mwekundu katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mwishoni mwa 1921 akahamia Paris kujifunza uandishi, na kufikia 1929 alikuwa amekwisha kutoa riwaya mbili zilizomletea sifa kubwa. Mambo hayo yameandikwa kila mahali, nami sitayarefusha.

Bahari aliikuta akiwa mtu mzima. Mwaka wa 1928 alifika Key West, kisiwa kidogo cha ncha ya kusini ya jimbo la Florida, na huko akaonja kwa mara ya kwanza uvuvi wa samaki wakubwa wa maji ya joto. Nyumba aliyokaa hapo ilinunuliwa mwaka 1931 kwa fedha za mjomba tajiri wa mkewe wa pili, Pauline. Mwaka wa 1932 alivuka kwenda Havana kwa mashua ya rafiki yake, kwa nia ya kukaa siku chache tu, akabaki kwa wiki nyingi. Kati ya Key West na Cuba hupita Mkondo wa Ghuba, mto wa maji ya buluu ndani ya bahari, na ndani ya mkondo huo hupita nduwaro. Msimu uliofuata, wa 1933, alinasa zaidi ya 50.

Hapa nawaomba walimu wasimame kidogo, kwa maana kuna mtu ambaye hupitwa kwa haraka mno. Jina lake ni Carlos Gutiérrez, mvuvi Mcuba aliyeanza kwenda baharini tangu utotoni mwake na aliyekuwa akivua kwa ajili ya soko. Mtu huyu aliweka daftari la nduwaro aliowapata, mwaka baada ya mwaka. Ni yeye aliyemfundisha Hemingway namna samaki hao wanavyoogelea kuufuata mkondo, kina cha kuteremsha chambo, na wakati wa kumwachia samaki mshipi aumeze. Yote ambayo wasomaji wa magazeti ya Marekani waliyasoma kuhusu nduwaro wa Cuba kutoka kwa kalamu ya Hemingway yalikuwa, kwa sehemu kubwa, elimu ya Carlos. Mwanafunzi alipata jina, na mwalimu akabaki kuwa mtu wa kushika usukani. Jambo hilo si geni kwetu sisi wa kazi hii.

Desemba 1933 Hemingway na Pauline walishuka Mombasa. Fedha za safari zilitoka kwa mjomba yule yule. Waliwinda kwa muda wa wiki kumi hivi huku Kenya na Tanganyika wakiongozwa na Philip Percival, mwindaji mlowezi mwenye shamba pande za Machakos, na katikati ya safari Hemingway akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu hata ikabidi aletwe Nairobi kwa ndege. Mwezi wa Februari 1934, kabla ya kupanda meli kurudi kwao, yeye na wenzake walikwenda kuvua Malindi. Ulikuwa msimu wa kaskazi, wakati ambapo bahari yetu hutulia na samaki wakubwa hukaribia pwani. Yaani wale wageni wa mahoteli aliowajua mwanafunzi wangu walikuwa na mtangulizi wao, naye ndiye huyu niliyekuwa nikimsifu darasani.

Alipofika New York mwezi wa Aprili alikwenda moja kwa moja katika karakana ya mashua huko Brooklyn akaagiza chombo chake mwenyewe. Alikiita Pilar. Kilikuwa cha mbao, chenye urefu wa futi 38, na bei yake dola 7,495, sehemu ya fedha hizo akiwa amekopeshwa na jarida la Esquire juu ya makala ambayo hakuwa ameyaandika bado. Kilikuwa na mtambo mkubwa wa safari na mwingine mdogo wa kukokota chambo polepole. Tezi yake ilipunguzwa kimo ikawekwa gogo la kuzunguka ili samaki mzito aweze kuvutwa ndani. Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, wakati mamilioni ya Wamarekani hawakuwa na kazi. Sisemi hivyo kwa husuda. Nasema ili kijana anayesoma habari za mashua ya Santiago, yenye tanga lililotiwa viraka vya magunia ya unga, ajue mwandishi wake alikuwa ameketi katika chombo cha namna gani.

Aprili 1935 aliielekeza Pilar kwenye visiwa vya Bimini, magharibi mwa Bahama, ambavyo wakati huo vilikuwa chini ya Waingereza. Jaribio la kwanza halikufika mbali. Walinasa papa, Hemingway akashika bastola ili ammalize, na risasi ikagonga chuma ikarudi ikapasukia miguuni mwake mwenyewe. Wakageuza chombo kwenda kutafuta daktari. Baada ya siku chache akaondoka tena.

Bimini ni mchanga, minazi na nyumba chache, na Mkondo wa Ghuba hupita mlangoni kabisa. Jodari wakubwa hupita hapo mwezi wa Mei, lakini wavuvi wa mchezo walikuwa wakilalamika kwamba hakuna awezaye kumtoa jodari akiwa mzima, kwa sababu anapochoka papa humrukia. Hemingway akaona kwamba dawa ni kutomwachia samaki nafasi ya kupumua. Mvuvi ajifunge kitini, avute kwa mgongo na mapaja bila kusita, ajiumize lakini amlete samaki upesi. Kwa njia hiyo, mwezi wa Mei 1935, alimtoa jodari wa ratili 381 asiye na hata alama ya jino, naye hutajwa kuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo katika kisiwa kile.

Lakini kisiwa kilikuwa na wenyewe, nao walikuwa watu weusi. Wakati Wamarekani wakishindana kwa mizani, wao ndio waliofunga kamba gatini na kubeba mizigo. Hemingway alitangaza kwamba atampa fedha mwenyeji yeyote atakayesimama naye katika ndondi kwa raundi tatu. Wapo walioupokea mwaliko huo kwa furaha, na yasemekana walimpenda kwa kutojificha. Hata hivyo najiuliza ni mchezo wa namna gani huo, wa mgeni mwenye mashua kumlipa mwenye nchi ili ampige. Usiku mmoja wa mwezi huo huo wa Mei alimwangusha kwa ngumi tajiri mmoja mchapishaji wa magazeti aliyemtukana gatini. Wanakisiwa wakautungia mkasa huo wimbo, wakauimba miaka mingi. Huo ndio uhakiki wa kwanza wa Hemingway uliofanywa na wavuvi, nao haukumwendea vibaya. Yasimuliwa pia kwamba mwaka uliofuata, baada ya kupigana kwa saa saba na jodari mwingine, alilewa, akarudi gatini usiku, akamfanya samaki yule aliyetundikwa kuwa mfuko wa kufanyia mazoezi ya ndondi.

Sasa nafika kwenye tukio ambalo, kama ningalilijua mwaka 1987, ningalilifundisha kabla ya ukurasa wa kwanza wa riwaya.

Katika kundi la Bimini la 1935 alikuwamo mchoraji Mmarekani aitwaye Henry Strater. Siku moja ya Mei mchoraji huyo alinasa nduwaro mkubwa kupita wote waliokuwa wameonekana hapo. Alimvuta kwa ustadi akamfikisha karibu na chombo. Papa wakaanza kukusanyika. Hemingway, ambaye alikuwa na bunduki ya rashasha ndani ya Pilar, akaanza kuwamiminia risasi. Nia yake ilikuwa kuokoa samaki wa rafiki yake, au ndivyo alivyodai. Lakini mtoto yeyote wa Vanga au Kizingitini angalimwambia kitakachotokea. Damu ya papa waliojeruhiwa iliwaita papa wengine, maji yakageuka mekundu, na kundi zima likamvamia nduwaro. Alipopandishwa ndani, nyama ya nusu ya nyuma ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa na uzito wa ratili 500. Walimtundika, wakapiga picha, na Hemingway akasimama karibu na samaki kiasi kwamba mtazamaji angedhani ni wake. Strater hakumsamehe maisha yake yote.

Chini ya mwaka mmoja baadaye, Aprili 1936, Hemingway aliandika makala katika Esquire juu ya furaha ya kuvua katika mkondo. Ndani yake, kwa maneno machache tu, alisimulia habari za mzee mmoja wa Cuba aliyekwenda peke yake katika mashua ndogo, akamnasa nduwaro, akakokotwa mbali sana. Baada ya siku mbili wavuvi wenzake walimwokota maili 60 upande wa mashariki. Kando ya mashua alikuwa amefunga kichwa na sehemu ya mbele ya samaki, iliyobaki na uzito wa ratili 800. Papa walikuwa wamekula nusu nzima. Mzee alikuwa akilia, nusura apoteze akili. Inasemekana aliyemsimulia kisa hicho alikuwa Carlos.

Tuwaweke samaki hawa wawili juu ya meza moja. Wote ni nduwaro, wote wameliwa nusu na papa, katika mkondo ule ule. Strater alikasirika kwa sababu alipoteza sifa. Yule mzee alilia kwa kuwa kilichopotea kilikuwa unga, mafuta ya taa na deni la duka. Hemingway alimjua mmoja kwa macho, tena akiwa na hatia mkononi, na wa pili alimsikia kwa masikio. Alipokaa kuandika riwaya, miaka 15 baada ya makala ile, hakumwandika wa kwanza. Mimi naamini kwamba alijua ni machozi ya nani yaliyokuwa na uzito. Naamini pia kwamba ile bunduki ya Bimini haikumtoka moyoni, ndiyo maana Santiago hana silaha ila chusa, kisu, rungu na mkono wa kasia, na kila mara anajilaumu kwa kwenda mbali mno. Wahakiki wengine watanipinga. Na wanipinge.

Lipo jambo jingine la kuwachekesha wanafunzi kidogo. Mwaka wa 1939 kiliundwa chama cha kimataifa cha kusimamia uvuvi wa mchezo na kutunza rekodi zake, na Hemingway akawa mmoja wa makamu wa rais wake. Kwa kanuni za chama hicho, samaki lazima avuliwe kwa fimbo na gurudumu la mshipi, na samaki aliyejeruhiwa na papa hahesabiwi. Santiago alivua kwa mshipi wa mkono, na samaki wake alifika pwani akiwa mifupa. Mwandishi alimpa mzee yule utukufu ambao chama chake kisingemwandikia hata mstari mmoja.

Nisije nikamdhulumu. Hakuwa mtu wa kujigamba tu. Mwaka 1934 aliwakaribisha ndani ya Pilar wataalamu wawili wa jumba la elimu ya viumbe la Philadelphia, ambao walikuwa wamechanganyikiwa kuhusu aina za nduwaro. Waliwapima samaki aliowavua, wakarekebisha maelezo yao, na mmoja wao akamwita samaki mdogo wa kina kirefu kwa jina lake, Neomerinthe hemingwayi. Alikuwa na jicho la mtafiti, na walimu wa Bayolojia wasiachie Fasihi peke yake mtu huyu.

Tangu 1939 aliishi Cuba, katika nyumba iliyo kilimani nje ya Havana, na Pilar ikatia nanga katika kijiji cha wavuvi cha Cojímar. Nahodha wake sasa alikuwa Gregorio Fuentes, mzaliwa wa visiwa vya Canary. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliitumia mashua hiyo kuwinda manowari za Wajerumani, wala hakuzamisha hata moja. Riwaya ilitoka Septemba 1952 katika jarida la Life, na nakala milioni tano zikauzwa kwa siku mbili.

Alirudi kwetu mwaka 1953. Januari 1954, akiwa Uganda, ndege aliyopanda ilianguka karibu na maporomoko ya Murchison, na kesho yake ndege ya pili iliyokuja kumchukua ikawaka moto huko Butiaba. Magazeti ya dunia yakatangaza kifo chake, naye akayasoma matangazo hayo akiwa hai. Fuvu la kichwa lilikuwa limepasuka, ini na figo vimeumia, uti wa mgongo umepondeka. Na bado, Februari, alikwenda Shimoni, kwa kuwa kambi ya kuvua katika mkondo wa Pemba ilikuwa imekwisha kupangwa. Wengine walikwenda baharini, yeye akibaki pwani kwa maumivu. Moto wa kichaka ulipozuka karibu na kambi alijitia kusaidia kuuzima, akaangukia ndani yake, akaungua miguu, kifua, mikono na midomo. Mwanafunzi wangu alikuwa ametoka katika kijiji hicho hicho, na mimi mwalimu wake sikulijua hilo.

Mwishoni mwa mwaka huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel, lakini hakuweza kusafiri kwenda kuipokea. Nishani yake aliitoa kwa watu wa Cuba, ikawekwa katika kanisa la Bikira Maria wa El Cobre. Mwili haukupona, na akili nayo ikaanza kufifia. Mwaka 1960 aliondoka Cuba, na tarehe 2 Julai 1961, huko Ketchum katika jimbo la Idaho, alijiua kwa bunduki, kama baba yake alivyofanya mwaka 1928. Wavuvi wa Cojímar walitaka kumwekea kumbukumbu na hawakuwa na fedha. Walichanga rafadha kuukuu na vipande vya shaba kutoka katika mashua zao, vikayeyushwa, ikatengenezwa sanamu ya kichwa chake, ambayo mwaka 1962 iliwekwa ikitazama bahari.

Mwaka jana nilikwenda Shimoni kwa shughuli ya arusi. Pale gatini mtu mwenye mvi alinijia, akaniamkia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ni yeye yule wa dawati la nyuma. Amekuwa nahodha wa mashua ya wageni kwa muda mrefu, na aghalabu nduwaro wanaowapata siku hizi hutiwa kitambulisho na kuachiliwa. Nilimwambia kwamba nina jibu la swali lake la 1987. Tuliketi juu ya ukuta, nikamweleza yote niliyoyaandika hapa, habari za Bimini, Carlos, na rafadha zilizoyeyushwa. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza ile Pilar iko wapi. Nikamwambia Gregorio aliachiwa mashua hiyo, akaikabidhi kwa serikali ya Cuba, na sasa imewekwa nchi kavu katika bustani ya nyumba ile ya kilimani, mahali palipokuwa na uwanja wa tenisi, chini ya paa. Akatikisa kichwa. Alisema mashua ya mbao ikikaa nje ya maji hukauka na mbao huachana, akataka kujua ni nani anayeitia kalafati.